Kwa Nini Matajiri Hununua Chuma Ugenini



Leo nataka tuzungumze juu ya chuma. Katika mkoa wetu wa Maniema, yakitajwa madini, masikio husimama kwa dhahabu, kwa kasiteriti na koltani. Chuma hakina mtu wa kukisemea. Na bado ndicho kinachotushikia maisha: nondo ndani ya nguzo ya nyumba, manjanja juu ya vichwa vyetu, fremu ya baiskeli inayobeba madumu ya mawese, reli inayokwenda Kongolo. Chote hicho kimetoka mbali na Maniema.

Vijana wanaosoma ufundi wana swali wanalolirudia, na ni swali zuri. Sisi tunanunua chuma nje kwa sababu hatuna kiwanda, hilo linaeleweka. Lakini Marekani? Uingereza? Nchi zilizotajirika kwa kuyeyusha chuma, zenye wahandisi, zenye fedha, zenye makaa ya mawe ardhini, kwa nini nazo zinapanga foleni kununua chuma cha wenzao? Zimeshindwa nini? Nalichukua swali hili kwa uzito wake, kwa sababu jibu lake likieleweka vizuri linabadilisha hata yale tunayopaswa kuyadai hapa mjini Kindu.

Tuanzie Uingereza. Tarehe 12 Aprili 2025 ilikuwa Jumamosi. Bunge la Uingereza lilikuwa likizoni. Wabunge wakaitwa warudi London haraka, wakapitisha sheria ndani ya siku moja. Kisa chenyewe kilikuwa matanuru mawili ya kuyeyushia chuma katika mji wa Scunthorpe, matanuru yenye majina ya malkia: Queen Anne na Queen Bess. Yalikuwa ya mwisho nchini humo kutengeneza chuma kutokana na mawe yake. Mwenye kiwanda, kampuni ya Jingye ya China iliyonunua British Steel mwaka 2020, alisema anapoteza pauni 700,000 kila siku na hawezi kuendelea.

Tanuru la namna hii haliwashwi asubuhi na kuzimwa jioni. Huwaka usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, likilishwa mawe ya chuma, makaa ya mawe yaliyookwa na mawe ya chokaa. Likikosa makaa likapoa ghafla, chuma kilichoyeyuka humo ndani huganda tumboni, na tanuru limekufa. Kulifufua ni gharama kubwa mno, pengine haiwezekani kabisa. Kule Scunthorpe makaa yalikuwa yanakaribia kwisha. Ndiyo maana serikali haikuweza kungoja hata Jumatatu: ikajipa mamlaka juu ya kiwanda, ikatafuta makaa na mawe ya chuma, yakaletwa kwa meli.

Tafakari hapo, msikilizaji. Hii ni nchi ya Henry Bessemer, ambaye mwaka 1856 alitangaza njia ya kutengeneza chuma kigumu kwa wingi na kwa bei nafuu, njia iliyojenga reli na meli za karne nzima. Leo zaidi ya nusu ya chuma inachotumia nchi hiyo hutoka nje. Miezi michache kabla ya kisa cha Scunthorpe, mwezi Septemba 2024, tanuru la mwisho la Port Talbot kule Wales lilikuwa limezimwa. Na Scunthorpe ndiyo inayotengeneza karibu reli zote za treni za Uingereza. Serikali ilivumilia kununua mabamba na nyaya ugenini kwa miaka mingi. Ilipofika kwenye reli, na kwenye kupoteza kabisa ujuzi wa kuyeyusha, ikashtuka.

Sasa kwa nini wanafika hapo? Wengi hujibu kwa neno moja, China, na jibu hilo lina ukweli mkubwa. Mwaka 2024 dunia nzima ilitengeneza chini kidogo ya tani bilioni 1.9 za chuma, na zaidi ya nusu ilitoka China peke yake. Nyumba na barabara za China zilipoanza kujengwa kwa kasi ndogo, matanuru hayakupunguza mwendo kwa kiasi hicho. Ziada ikatafuta soko nje: zaidi ya tani milioni 110 mwaka huo. Ujerumani, ambayo kwetu ni mfano wa nchi ya viwanda, ilitengeneza takriban tani milioni 37 kwa mwaka mzima. Maana yake, kile ambacho China iliuza nje tu ni karibu mara tatu ya chuma chote cha Ujerumani. Mwenye tanuru Ulaya, anayelipa umeme ghali, mshahara mkubwa na malipo ya moshi anaoutoa, hawezi kushindana na bei ya namna hiyo bila kusaidiwa na serikali yake.

Lakini China haielezi yote. Mwaka huohuo wa 2024 Marekani ilitengeneza karibu tani milioni 80 na kununua nje takriban milioni 26, na muuzaji wake mkubwa kuliko wote alikuwa jirani yake Kanada. Mshahara wa Kanada si mdogo. Kuna jambo lingine hapo, nalo linaonekana vizuri zaidi ukikiangalia kitu kidogo kuliko reli.

Chukua kopo la nyanya, lile dogo linalouzwa sokoni, ambalo mama hutoboa kwa ncha ya kisu asubuhi na kugawa nyanya kwa kijiko kwa wateja wa faranga chache. Ukuta wa kopo hilo ni chuma, kilichokandamizwa hadi kikawa chembamba kama milimita 0.2 au chini ya hapo. Kingeachwa hivyo kilivyo, asidi ya nyanya ingekila na kutu ingeingia kwenye chakula. Kwa hiyo chuma hupakwa utando wa madini ya bati, mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Bati hilo linayeyushwa kutokana na kasiteriti, jiwe lilelile jeusi na zito ambalo vijana wa Kalima na Punia hulichimba na kuliosha kwenye vijito. Kutengeneza karatasi hiyo ya chuma si kazi ya kila kiwanda. Inahitaji chuma laini kisicho na uchafu, upana maalumu, unene usiopishana hata kidogo toka mwanzo wa bunda hadi mwisho, na mitambo ambayo haifai kwa kazi nyingine.

Duniani kuna aina zaidi ya 3,500 za chuma. Cha nondo si cha kopo. Cha kopo si cha injini ya ndege. Cha reli si cha sindano ya hospitali. Hakuna nchi inayotengeneza zote kwa ubora na kwa bei inayolipa. Nchi moja huwa na sifa kwa mabamba ya magari, nyingine kwa mabomba ya mafuta, nyingine kwa makopo, nazo huuziana. Ndiyo maana Ujerumani inauza chuma na kununua chuma kwa wakati mmoja, na hakuna anayeona ajabu.

Kopo hilo limewatesa Wamarekani, na kisa chake nakipenda kwa sababu kinaonyesha kila upande. Mwezi Machi 2018 serikali ya Donald Trump iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa chuma kinachotoka nje, ikitumaini kwamba matanuru ya nyumbani yatafufuka. Kwa chuma cha makopo haikuwa hivyo. Mitambo kadhaa ya kupaka bati ikasimamishwa, kwa sababu kampuni ziliona afadhali kupeleka nguvu kwenye chuma cha magari chenye faida zaidi, na watengeneza makopo wakaendelea kununua Ulaya, Kanada na Asia, sasa kwa bei ya juu. Mwaka 2023 kampuni ya Cleveland-Cliffs ikashtaki kwamba chuma cha makopo kutoka nchi nane kinauzwa kwa hila. Watengeneza makopo nao wakajibu: hatukatai cha nyumbani, ila cha nyumbani hakitoshi, na vipimo vingine hakuna anayevitengeneza hapa. Mwezi Februari 2024 tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani ikakataa kuongeza ushuru. Siku chache baadaye kampuni ikatangaza kusimamisha kiwanda chake cha bati kule Weirton, West Virginia. Wafanyakazi wapatao 900 wakaambiwa kazi imekwisha.

Weirton si mji wa hivi hivi. Ulizaliwa kutokana na kiwanda hicho, na mwaka 1984, kiwanda kilipokuwa kinataka kuanguka, wafanyakazi wenyewe walikinunua wakawa wenye mali. Miaka kumi na tisa baadaye kikafilisika, kikapita mikono kadhaa, mpaka siku hiyo ya Februari. Sisi wa Maniema, tunaojua Kalima ilikuwaje wakati kampuni ya madini ya Symétain ilipokuwa na shule, hospitali na umeme wake wa maji ya Lutshurukuru, na ilivyokuwa baada ya hapo, hatuhitaji kueleweshwa uchungu wa mji ambao kampuni yake imefunga milango.

Kuna sababu nyingine, ambayo mtu wa Kindu anaielewa kuliko profesa yeyote: njia. Chuma ni kizito na bei yake kwa kilo ni ndogo, kwa hiyo safari huamua mengi. Pwani ya magharibi ya Marekani ilikuwa na kiwanda kikubwa mjini Fontana, California, kilichojengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kikafungwa mwaka 1983. Mwaka uliofuata kampuni mpya, kwa ubia wa Wabrazili na Wajapani, ikachukua sehemu ya mwisho tu ya mitambo yake, ile ya kukandamiza mabamba. Mabamba yenyewe yakawa yanakuja kwa meli kutoka Brazil na kwingineko. Kuyeyusha kukaachwa kwa wale walio karibu na mawe ya chuma. Kukandamiza na kumalizia kukabaki California, karibu na wateja. Bahari ni njia ya bei nafuu kuliko reli ndefu ya kuvuka bara.

Japani inafundisha jambo hilohilo kwa upande wa pili. Haina mawe ya chuma ya kutosha, haina makaa yanayofaa, na mwaka 2024 ilitengeneza takriban tani milioni 84. Matanuru yake yako bandarini, meli inashusha mawe ya Australia upande mmoja na kupakia chuma upande mwingine. Australia yenyewe, inayochimba mamia ya mamilioni ya tani za mawe hayo kila mwaka, hutengeneza chuma kidogo sana, tani zipatazo milioni 5 hivi. Kwa hiyo kuwa na jiwe ardhini hakukufanyi kuwa na kiwanda, na kukosa jiwe hakukuzuii. Nawaomba wale wanaosema "tuna madini, basi tutatajirika" walisikie hili mara mbili.

Sasa turudi nyumbani. Mji huu wetu ulijengwa kwa chuma cha kuagizwa. Zamani za Wabelgiji uliitwa Kindu-Port-Empain, kwa jina la Baron Empain, ambaye kampuni yake, CFL, iliundwa mwaka 1902 ili kuunganisha mto na maziwa makuu. Fikiria reli ya kwanza kati ya Kindu na Kongolo, kilomita 355, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1911. Kila kipande chake kilipita Matadi kwa meli, kikapanda treni hadi Kinshasa ya leo, kikapakiwa meli ya mtoni hadi Kisangani, kikapanda treni tena kilomita 125 hadi Ubundu, kikashushwa na kupakiwa tena kwenye chombo cha mtoni kuja hapa. Mababu zetu walikibeba mabegani, wengi wao kwa nguvu na si kwa hiari. Mwaka 1955 njia yote ilipanuliwa kutoka upana wa mita moja hadi mita 1.067, na mwaka uliofuata ikaunganishwa na Katanga kupitia Kabalo na Kamina. Tangu hapo mtu aliweza kupakia mzigo Lubumbashi na kuushusha Kindu bila kugusa mto.

Ndiyo njia iliyotupa chuma kwa bei ya kibinadamu. Leo treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, ikifika ni habari ya mji mzima. Madaraja makubwa na madogo yamechoka, vichwa vya treni ni vichache, mabehewa huanguka njiani. Barabara ya Bukavu kupitia Kasongo ni mateso nyakati za mvua, na tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, bidhaa zilizozoea kutujia kutoka huko zimepungua na kupanda bei. Kinachobaki ni boti za balenieri kutoka Ubundu, na ndege. Kupandisha nondo kwenye ndege! Mwananchi anayejenga vyumba viwili mtaani Mikelenge hulipia safari ya chuma zaidi kuliko anavyolipia chuma chenyewe.

Ingia karakana ya fundi yeyote wa kuchomelea kando ya barabara hapa mjini, utaona jinsi watu wetu walivyojibu hali hiyo. Hakuna kinachotupwa. Springi ya lori bovu inapashwa moto wa mkaa, inagongwa, inakuwa panga. Bomba la kiti cha zamani linakuwa karieri ya baiskeli, ile yenye kuhimili magunia mawili ya mchele. Fundi huokota kipande, hukigonga kwa nyundo na kusikiliza mlio wake kabla ya kuamua kitafaa kwa jembe au kwa bawaba ya mlango. Huo ni ujuzi wa chuma, ujuzi halisi, unaofanywa bila umeme wa kutegemewa na bila shule. Nataka msikilizaji aushike moyoni, kwa sababu ndio mahali pa kuanzia.

Maana kuna watu watakaosikia mazungumzo haya na kusema: basi tujenge kiwanda chetu cha kuyeyusha chuma, nchi yetu ina mawe ya chuma mengi upande wa Banalia na Isiro. Nchi hii ilishajaribu. Mwaka 1975 Rais Mobutu alifungua kiwanda cha chuma cha Maluku, karibu na Kinshasa, kilichojengwa na Waitalia na Wajerumani ili kutumia umeme wa bwawa la Inga. Kilikuwa na uwezo wa tani 250,000 kwa mwaka. Hakuna mgodi wa chuma uliofunguliwa kukilisha. Kikategemea chuma chakavu kilichoagizwa kutoka nje, na kile kilichotoka humo kilikuwa ghali kuliko cha kuagiza. Hakikuwahi kukaribia uwezo wake. Miaka ya 1980 kikasimama, deni likabaki. Kiwanda kilijengwa ili kionekane, kabla ya njia, kabla ya wateja, kabla ya mafundi. Sitaki kusikia mwanasiasa akituahidi Maluku nyingine kandokando ya mto wetu, Lualaba.

Wenzetu wa Kenya walianza upande wa pili wa mnyororo. Mabati Rolling Mills ipo tangu 1962. Kazi yake ni kuchukua mabunda ya chuma yaliyotengenezwa ng'ambo, kuyapaka zinki na rangi, kuyakunja, kuyauza. Viwanda vingine vya huko vilinunua mapande ya chuma ghafi nje na kuyakandamiza kuwa nondo, na baadhi vikaanza kuyeyusha chuma chakavu. Soko lilipokuwa kubwa na mafundi wakawapo, mwaka 2023 serikali yao ikaweka tozo ya asilimia 17.5 kwa mapande yanayotoka nje ili kuwasukuma watu kuyeyusha nyumbani. Wajenzi walilalamika kuhusu bei, na malalamiko yao yana haki. Lakini angalia mpangilio: kwanza kumalizia, halafu kukandamiza, halafu kuyeyusha. Miaka sitini.

Hapo ndipo nafika kwenye neno langu la leo. Nchi tajiri inaponunua chuma nje, inanunua huku ikiwa imeshika kitu kingine mkononi. California iliacha kuyeyusha ikashika kukandamiza. Japani haikuwa na jiwe ikashika bandari na ujuzi. Uingereza iliuza hata matanuru yake kwa mgeni, lakini siku ya hatari ilikuwa na bunge linaloweza kukaa Jumamosi na hazina inayoweza kulipa makaa. Marekani iliruhusu Nippon Steel ya Japani kuinunua U.S. Steel mwezi Juni 2025, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1901, lakini serikali ikajiwekea haki ya kukataa maamuzi makubwa, na mwezi huohuo ushuru ukapandishwa hadi asilimia 50. Unaweza kubishana na hatua hizo. Mimi mwenyewe naamini ushuru wa namna hiyo humchapa mnunuzi wa kopo kuliko unavyomwokoa mfanyakazi wa Weirton. Lakini wana cha kuchagua.

Sisi Maniema tunanunua chuma bila kushika kiungo chochote cha mnyororo huo. Na la kuumiza ni kwamba kiungo kimoja kinatoka kwetu. Mwaka 1942 Japani ilipoteka Malaya na Indonesia, ambako bati nyingi ya dunia ilikuwa inatoka, nchi zilizokuwa zikipigana nayo zilielekeza macho Bolivia, Nigeria na Kongo. Migodi ya Kalima ilifanya kazi kwa ajili ya makopo ya chakula cha askari wa mbali. Leo kasiteriti yetu inatoka kwa magunia, inafungwa lebo, inapelekwa Asia kuyeyushwa, na inarudi ikiwa utando usioonekana ndani ya kopo la nyanya. Kuyeyusha bati ni kazi nyepesi kuliko kuyeyusha chuma: joto lake ni dogo, mtambo wake ni mdogo, na mzigo unaosafirishwa hupungua kwa sababu unaacha taka mgodini. Tena ilishafanyika jirani tu. Manono walikuwa na mtambo wa kuyeyushia bati uliokula umeme wa maji wa Piana-Mwanga, kabla ya vita kuuharibu. Nasema wazi: kama fedha za umma zitatafuta kiwanda Maniema, zianzie kwenye bati, na zianzie na umeme wa Lutshurukuru, si na jiwe la msingi la kiwanda cha chuma.

Na kabla hata ya bati, reli. Hakuna fundi wa Kindu atakayegeuza manjanja, nondo au bomba kuwa biashara kubwa wakati kila kipande kinamfikia kwa bei ya ndege. Hakuna daraja la kuvuka mto kwenda Alunguli litakalojengwa kwa chuma cha kubebwa kwa balenieri. Reli ya Kongolo ikitengenezwa, reli ya Ubundu hadi Kisangani ikaamshwa, bei ya chuma hapa itashuka bila mtu yeyote kuyeyusha hata kilo moja. Karakana za SNCC zilizoko mjini zikipewa zana na wanafunzi, zitakuwa shule ya chuma ambayo hatujawahi kuwa nayo tangu wazee wa reli walipostaafu.

Kuhusu chuma chakavu nina ombi kwa wenye mamlaka ya mkoa. Marekani inatengeneza sehemu kubwa ya chuma chake kwa kuyeyusha vyuma vikuukuu kwa umeme, na Uturuki huvinunua duniani kote kwa mamilioni ya tani. Chuma chakavu ni mali. Kila behewa bovu, kila boti iliyozama, kila mtambo wa mgodi uliotelekezwa uandikwe, upimwe, na uuzwe kwa mnada wa wazi, fedha zirudi kwenye njia ya reli. Mali bila daftari huisha bila habari, na yetu imekuwa ikiisha hivyo kwa miaka mingi.

Ninyi vijana mliouliza swali, jifunzeni kuchomelea kwa vipimo, jifunzeni kusoma mchoro, jifunzeni kutambua aina za chuma. Aliye na ujuzi huo anaweza kufanya kazi na chuma cha China, cha Brazil au cha Mombasa, na thamani itabaki mikononi mwake. Na ninyi nyote mlio na kura: mbunge wa mkoa au wa taifa akija kwenye mtaa wenu, msimuulize kiwanda. Muulizeni treni ya Lubumbashi itafika Kindu lini, mara ngapi kwa mwezi, na nani amelipwa kutengeneza njia. Asipokuwa na tarehe, mwambieni arudi akiwa nayo.